Kabichi za Nahumu

Makambako, 3 Machi 2024

Dada Hulda,

Kamwene. Nimekupigia simu mara tisa tangu Krismasi, hupokei, kwa hiyo nimeamua kuandika. Karatasi haina kitufe cha kukata. Nimempa kondakta wa basi la asubuhi aishushe hapo njia ya Kifanya, na nimemnunulia soda ili asije akafungia maandazi.

Sisi wote wazima. Oktavia magoti bado yanamsumbua. Yeye anasema ni baridi, mimi nilisema ni unene, kwa hiyo wiki hii nakula kimya kimya. Binti yetu Jasmine amemaliza chuo cha ualimu, anasubiri ajira pamoja na taifa zima. Upepo wa hapa juzi ulibeba mabati mawili ya jiko, tukayakuta kwa jirani. Huu upepo wataalamu walishakuja kuupima, wakaondoka, wakarudi wakaupima tena. Mtoto wa kliniki hapimwi hivyo. Umeme wake bado hatujauona, ila uzito wake tunaujua. Na huu wa waya umekatika tangu saa nne, nakuandikia karibu na dirisha.

Sasa lililonifanya niandike. Kuna jamaa hapa anaitwa Filbert, ananunua vyuma chakavu. Nimemweleza habari za ile mashine ya mtoni hapo nyumbani, ile ya kufua umeme iliyokaa bure tangu waya wa taifa ulipofika. Yuko tayari kuja na gari. Hela itakwenda kijijini, mimi sichukui hata senti. Tatizo ni ufunguo wa banda la mashine. Shemeji Nahumu aliondolewa usimamizi mwaka 2018, na mpaka leo ufunguo kauning'iniza shingoni kama askofu na msalaba wake. Mimi sina ubaya na mumeo, unajua. Mwambie tu kistaarabu aukabidhi kwa mwenyekiti, chuma kiondoke, watu wasahau.

Mdogo wako,
Danford


Nyumbani, 29 Machi 2024

Danford mdogo wangu,

Kamwene. Barua imefika na mafuta ya maandazi, soda yako haikutosha. Mpe Oktavia pole ya magoti, na pole nyingine ya kuishi na wewe.

Sisi tupo. Viazi vimekubali, bei imekataa. Umeme wako tunao. Nasema wako kwa sababu hujaacha kutukumbusha kwamba nguzo iliyo mbele ya mlango wangu ilikatwa kwenye shamba lako la milingoti, mikaratusi kama wanavyoiita shuleni. Ni nguzo nzuri. Tunafungia mbuzi. Mbuzi hajalalamika hata siku moja.

Sisi wengine tunajifunza maisha mapya. Enzi za mashine ya mtoni kila nyumba ilikuwa na taa tatu, na bei yake ilikuwa siku moja ya jembe kwa mwezi. Unashuka mferejini na wenzako, mnatoa tope, mnasengenya, mnarudi, jioni taa zinawaka. Mchana maji yaleyale yanasaga mahindi. Asiyekuwa na shilingi alikuwa na mgongo. Sasa mgongo wangu nikiupeleka kwenye mita ya LUKU hauingii, inataka tarakimu ishirini. Mwenyekiti wetu Mektilda amegundua kwamba ukitumia uniti nyingi kwa mwezi unahamishiwa bei ya wakubwa, basi anapiga pasi mara moja kwa mwezi, na siku hiyo tukiona gauni lake limenyooka tunaulizana ni harusi ya nani. Umeme ukikatika, Steven wa mashine ya kusaga anawasha dizeli, na bei ya debe inapanda kabla injini haijapata moto. Redioni wanasema sasa umeme ni mwingi mpaka unabaki. Tunashukuru. Huo unaobaki labda haujaonyeshwa njia ya kuja huku.

Barua yako nimemsomea Nahumu. Alikuwa anachonga mpini. Akamaliza kuchonga, akavaa koti, akaenda mtoni kupima maji. Bado anapima kila asubuhi, kwa ile fimbo yake yenye alama. Anasema maji yalianza kurudi mwaka uliofuata baada ya wewe kuvuna milingoti yako kule juu kwenye chanzo. Mimi sikusomea misitu, nakuandikia tu alichosema.

Na huyo Filbert mwambie Liganga kuna mlima mzima wa chuma haujaguswa. Aanzie huko.

Dada yako,
Hulda


Makambako, 21 Aprili 2024

Dada,

Kamwene. Habari ya mbuzi nimecheka mpaka Oktavia akasahau kuninunia. Hatujambo. Kwaya yetu inajiandaa kwa sikukuu ya mavuno, mimi bado ni sauti ya nne, mwalimu anasema bila mimi wimbo hauna msingi.

Kuhusu maji kurudi, dada, mwaka huu mvua zimekuwa nyingi kila mahali. Hata choo cha jirani yangu kimerudi. Huwezi kusema ni milingoti. Kila mtu Njombe amepanda milingoti. Nguzo za nchi hii zinatoka kwenye baridi yetu, bila sisi waya zingetambaa chini kama majani ya maboga. Mimi mwenyewe visiki vyangu vimechipua vizuri sana, vinanizidi urefu, nikijaliwa nitavuna tena. Ndiyo pensheni yangu. Hapa kwenye yadi ya nguzo hawatoi pensheni, wanatoa fulana.

Na kumbuka uamuzi wa kuacha mashine na kuomba waya ulikuwa wa mkutano mzima. Mimi nilichangia mawazo tu, kama mtu aliyetembea kidogo.

Ufunguo vipi? Filbert ameniuliza tena. Shemeji huwa anakwenda kanisani? Msalimie.

Danford


Nyumbani, 12 Mei 2024

Danford,

Leo sina salamu, zimeisha kama uniti.

Umeuliza kama Nahumu anakwenda kanisani. Anakwenda. Anakaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Meza ya Bwana hajaikaribia miaka sita. Sababu unaijua, lakini naona huko Makambako upepo umeibeba pamoja na mabati, kwa hiyo nitakukumbusha. Wazee wa usharika walimtenga kwa wizi wa maji ya wote. Wakamwambia siku atakapotubu mbele ya watu atarudi kundini. Akawajibu kwamba hawezi kutubu kitu ambacho hakukifanya, maana huo ndio utakuwa uongo. Basi. Wenzake wakienda mbele kupokea, yeye anatazama kofia yake.

Na walimtenga kwa ushahidi wa mtu mmoja. Taa zilikuwa zinafifia, mkutano ukaitwa, na wewe ukasimama na lile koti lako la Makambako ukasema umemwona kwa macho yako akigeuzia maji ya mfereji kwenye kabichi zake. Wakamvua usimamizi siku hiyo hiyo, wakapiga makofi, wakaandika barua ya kuomba waya.

Nina maswali mawili tu. Ulikuwa umesimama wapi? Na hizo kabichi zilikuwa kubwa kiasi gani? Nitafurahi sana kujua.

Hulda


Nyumbani, 14 Julai 2024

Danford,

Kamwene. Miezi miwili kimya. Najua barua ilifika, kondakta ameniambia uliipokea mkononi, ukaisoma umesimama stendi, ukasahau chenji yako. Chenji anayo, anasema ataitunza.

Huku baridi ni ile ya kupasua midomo. Sakitu, ile barafu ya alfajiri, imeunguza viazi vya bondeni. Mbuzi amezaa mapacha, nguzo yako sasa ina wateja watatu.

Filbert amekuja mwenyewe. Amezunguka banda la mashine na futi kamba, akapima mpaka mlango. Lakini fundi wa misheni naye amekuja, akachungulia dirishani, akasema mashine haijafa, imechoka beringi tu. Ikitengenezwa inaweza kusaga mchana na kutuwashia siku waya unapolala. Ila inategemea maji, na hapo Nahumu akaleta fimbo yake. Miaka mitatu alama imepanda. Mwaka huu, na mvua zote hizo unazonihubiria, imesimama palepale. Visiki vyako vimechipua, si ndiyo?

Mektilda ameitisha mkutano wa kitongoji Jumamosi tarehe 17 Agosti. Ama wanamuuzia Filbert, ama wanatengeneza. Wengi wangetaka kutengeneza. Lakini kila wakifika hapo wanauliza, nani ataisimamia? Mwenye kuijua ni mmoja tu, na huyo ndiye mwizi wa maji. Kwa hiyo watauza, na Nahumu atakufa ni mwizi.

Mimi siendi mkutanoni. Ule wa kwanza nilikaa nikasikiliza mpaka mwisho, unanitosha.

Hulda


Makambako, 28 Julai 2024

Dada,

Kamwene. Wote wazima. Salamu zimekwisha.

Barua hii nimeianza mara nne. Ya kwanza niliandika kuhusu mvua. Ya pili kuhusu mvua. Ya tatu nilimlaumu kondakta. Hii ni ya nne.

Sikumwona. Siku zile nilipita mtoni nikitokea shambani, nikamkuta shemeji ameinama kwenye lango la maji, anatoa majani yaliyoziba. Mikono imepauka kwa baridi. Tukasalimiana. Akaniuliza kama nimekula. Hicho ndicho nilichokiona kwa macho yangu.

Maji yalimalizwa na milingoti yangu, na nilijua. Bwana misitu alikuja mwaka 2016, akasimama pale kwenye kinyungu cha babu, kile kibustani cha bondeni ambacho zamani hakikukauka hata mwezi wa kumi. Akachoma kijiti, kikatoka kikavu. Akaniambia, "Mzee, hii miti hapa unainywesha mto mzima. Itoe." Nikamjibu nimekuelewa mtaalamu. Nikampa jogoo. Miti nikaiacha, maana ilibaki miaka michache tu iwe nguzo.

Halafu ukaja ule mkutano. Yule mkandarasi niliyekuwa namkusanyia nguzo alishaniambia, laini ikipita kwenu zako zote nachukua. Na watu walikuwa wameanza kuulizana maji yameenda wapi. Wangepanda juu kuangalia wangenikuta. Nikatafuta mtu wa kumsukumia. Shemeji alikuwa amekaa mstari wa mbele, na unamjua, ukimshtua leo anajibu keshokutwa. Nikasema. Kabichi ilinijia mdomoni kwa sababu Oktavia alikuwa amenifungashia wali na kabichi kwa safari. Nikaongopa kwa sauti ya nne, sauti nzuri kabisa, mpaka mwenyewe nikajiamini.

Sikufikiri kama wazee wa usharika wangeingia. Nilidhani atavuliwa kazi, apumzike, waya uje, kila mtu afurahi. Nilijiona nimeleta maendeleo. Siku taa za waya zilipowaka, mnakumbuka nilikata utepe? Mkasi nilikuja nao mwenyewe.

Na Filbert sikumtafuta kwa ajili ya kijiji. Kila nikija nyumbani lile banda linanitazama. Nilitaka chuma kile kiyeyushwe kiwe misumari, kitawanyike.

Nakuomba barua hii uisome mkutanoni tarehe 17, wote wasikie. Mimi mwenyewe siku hiyo kuna mzigo wa nguzo unapakiwa, itakuwa vigumu kukosekana.

Nisamehe.
Danford


Nyumbani, 4 Agosti 2024

Danford,

Kamwene. Barua yako nakurudishia, imo humu humu kwenye bahasha. Nimeisoma mara moja. Nahumu sijamsomea.

Kuisoma mkutanoni sitaweza, macho yangu yamepungua nguvu. Tangu juzi. Mdomo uliosema kule uje useme huku, njia unaijua. Nguzo zitapakiwa bila wewe, hazijawahi kukuulizia.

Basi la asubuhi linafika saa tatu. Na uvae lile koti.

Hulda


Makambako, 18 Agosti 2024

Dada,

Kamwene. Nimefika salama. Nisamehe sikuingia kwako. Nilifika mpaka kwenye nguzo, nikasalimiana na mbuzi, nikageuka. Sikujua ningekaa kiti gani. Sijui kama shemeji amekusimulia, anavyosema maneno matano kwa siku, kwa hiyo nakusimulia mimi.

Nilivaa koti. Limenibana, halikufunga vifungo. Filbert alikuwa amekuja na gari na vijana wa kubeba, wamekaa kwenye tairi wanakula miwa. Mektilda alifungua kwa sala, gauni limenyooka, nikajua mwezi huu pasi imeangukia siku yangu. Akauliza nani ana neno kabla ya kupiga kura. Nikasimama.

Barua nilikuwa nayo mfukoni, nikaona nikiisoma nitasoma kwa sauti ya kwaya. Nikaiacha humo humo. Nikasema tu. Nikasema sikumwona, nikasema miti, nikasema bwana misitu, nikasema hata jogoo. Mzee mmoja akaniuliza jogoo alikuwa wa rangi gani, nikajibu mwekundu. Sijui kwa nini alitaka kujua. Nilipomaliza hakuna aliyenizomea, dada. Nilikuwa nimejiandaa kuzomewa. Walitazama chini tu.

Ndipo shemeji akasimama. Taratibu, unavyomjua, kwanza kofia, halafu fimbo, halafu mwenyewe. Nikasema sasa ananilaani. Akaniuliza:

"Shemeji, hizo kabichi ulizionea wapi? Mimi tangu nizaliwe sijapanda kabichi. Zinanisokota tumbo."

Watu wakaangua kicheko. Hata vijana wa Filbert. Halafu kicheko kikakatika ghafla, kama umeme wetu, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Steven akaanza kufunga kamba za viatu ambavyo havina kamba. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nimelala nikijiuliza, kama hajawahi kupanda kabichi, kwa nini mwaka ule hakuna hata mmoja aliyesimama kuuliza?

Wakapiga kura. Mashine haiuzwi. Filbert ameondoka na kitasa kimoja kibovu, alichopewa kama pole ya safari. Shemeji anabaki na ufunguo wake. Mimi ning'oe visiki vyote kwenye chanzo, kwa mikono yangu, si kwa kibarua. Na Mektilda akanipangia bei yangu: siku moja ya jembe mferejini kwa kila mwezi ambao shemeji alikaa benchi la nyuma. Nilianza kuhesabu nikaacha. Nitakuwa mzee kabla sijamaliza kulipia taa.

Jumapili hii hapa Makambako nimemwambia mwalimu wa kwaya amtafute mtu mwingine wa kushika msingi.

Danford


Nyumbani, 8 Septemba 2024

Danford mdogo wangu,

Kamwene. Nimechelewa kujibu, si kwa hasira. Kuna neno nilikuwa nalizungusha mdomoni.

Kwanza habari. Beringi zimepatikana Njombe mjini, fundi anakuja. Wazee wa usharika walifika hapa wanne, wamevaa suti, wakanywa chai, wakamwambia Nahumu sasa anaweza kurudi kundini. Akawajibu yeye hajatoka, wao ndio warudi, atawasubiri kwenye benchi lake. Wamekwenda kutafakari. Walimaliza maandazi yote.

Sasa neno lenyewe. Umeuliza kwa nini hakuna aliyesimama. Kwa sababu kila mtu hapa anajua Nahumu halimi kabichi. Steven anajua, Mektilda anajua, mchungaji alishamnyima kabichi kwenye harusi ya binti yake kwa kumhurumia tumbo. Wewe ulisema uongo mbovu, Danford, uongo wa mtu asiyejua hata shemeji yake anakula nini. Lakini ulikuja na waya nyuma yake. Na sisi tulitaka waya. Steven alitaka mashine kubwa. Mektilda alitaka pasi.

Mimi nilitaka friji. Nilikuwa nimekaa mstari wa pili, nyuma ya mgongo wake, mke wake, ninayempikia kila siku. Ilikuwa ni kusema neno moja tu. Nikanyamaza, na wenzangu walipopiga makofi nikapiga. Friji ninayo. Naweka nyuzi za kufumia, maana kuiwasha inanipeleka kwenye bei ya wakubwa. Ndiyo sababu simu zako sikupokea. Si kwamba nilikuwa nakuchukia. Nilikuwa naogopa utaniuliza mimi.

Nimemwambia Nahumu wiki iliyopita, tukimenya viazi. Akasema, "Najua. Nilisikia makofi yako, una pete." Akaendelea kumenya.

Kwa hiyo dhambi usiibebe yote peke yako kama mzigo wa nguzo, tuachie na sisi yetu. Jumamosi uje mferejini, na mimi nitashuka. Njoo na jembe lako, la kwetu Nahumu hamwazimi mtu. Na ukipita Njombe sokoni anasema umnunulie miche ya kabichi, fungu moja. Anataka kuipanda pale kando ya lango la maji, aone kosa alilofungiwa miaka sita linafananaje.

Zikikomaa utazila wewe.

Dada yako,
Hulda